Miraa Sio Tofu, na Dereva Wetu Sio Katuni



Niseme mapema ndio tusimaliziane bando: mimi siandai ziara ya usiku ya pickup za miraa. Si mwezi huu, si mwezi ujao. Mnaoniandikia inboksi ati nipange watu kumi kutoka Nairobi, waje Mikinduri jioni, wapande Hilux ikitoka na mzigo, waisikie hiyo spidi, halafu mimi nikate yangu, jibu ni hapana. Na leo nataka kueleza kwa nini, juu naona wengi mnadhani ni woga.

Hilo wazo halikuanguka kutoka mbinguni. Limetoka Japani. Kuna mahali Yokohama panaitwa Daikoku. Ni kituo cha kupumzikia kwenye barabara ya kulipia, juu ya kisiwa ambacho watu walikitengeneza wenyewe baharini. Usiku, hasa wikendi, wapenda magari hukutana hapo: Skyline, RX-7, Supra, na vigari vidogo vilivyoshushwa mpaka vinabusu lami. Kituo kiko kwenye barabara kuu, unaingia ukiwa ndani ya gari, sio kwa miguu. Kwa hivyo mtalii asiye na gari hulipa mtu ampeleke. Anachukuliwa mjini, anakalishwa kiti cha abiria cha GT-R, wanapita madaraja na mataa, wanafika, anapiga picha, anarudishwa. TikTok imejaa hizo klipu, na mimi huziangalia mpaka simu inakuwa moto.

Sina shida na mtu kupenda hayo magari. Sisi watoto wa huku ni watoto wa magari ya Japani, tupende tusipende. Probox imetupeleka shule, imetupeleka soko, imepeleka babu zetu hospitali na wengine ikawarudisha kwa jeneza. Toyota walianza kuiuza mwaka wa 2002, na waliilenga kampuni: mtu wa mauzo na katoni zake, basi. Kule gari hukaguliwa kila baada ya muda, na ukaguzi ni ghali. Wengi wanaona afadhali wauze. Usukani uko kulia kama wetu, sheria yetu inakubali gari isiyozidi miaka 8, inashuka Mombasa, na baada ya muda unaiona stendi Mikinduri imebeba watu, kuku, viazi na godoro juu. Mjapani aliipa katoni. Sisi tukaipa maisha yetu yote.

Kwa hivyo utamaduni wa magari ya Japani tuko nao. Swali langu ni moja tu: ni kipande gani cha huo utamaduni tunakikopi?

Wengi mnaniandikia ati hii biashara yetu ni Initial D ya Meru. Sawa, tuongee Initial D. Hiyo ni manga ya Shuichi Shigeno iliyoanza 1995. Kijana anaitwa Takumi, baba yake ana duka la tofu, na kila usiku kabla ya alfajiri anapeleka tofu mlimani na Toyota ya zamani, AE86. Nakubali, inafanana. Mzigo lazima ufike ukiwa freshi. Ni usiku. Kuna milima na kona. Gari ni Toyota. Anayeendesha ni kijana ambaye hakuna mtu anamjua.

Lakini kuna kitu mnakiruka. Baba yake humwekea kikombe cha maji ndani ya gari. Maji hayafai kumwagika, juu yakimwagika, ujue na tofu imevunjika. Hiyo ndiyo shule ya Takumi. Kabla ya mtu yeyote kumwita mkali, alikuwa amejifunza kupeleka mzigo bila kuuharibu. Nyinyi mmechukua kona na muziki, mkaacha kikombe.

Na la pili: Takumi ni mchoro. Akikosa kona, mchoraji anafuta na kuchora tena. Dereva wetu akikosa kona, simu inapigwa Mikinduri saa tisa usiku, na mama wa mtu anaanza kutafuta leso ya kujifunga.

Sasa tufanye hesabu. Kuna wale watasema mimi niliacha kampasi kwa hivyo sina haki ya kufundisha mtu hesabu. Hii ni ya darasa la saba, tulia.

Meru mjini hadi Nairobi ni kama kilomita 225. Ukienda na 80 bila kusimama, ni saa mbili na dakika hamsini hivi. Ukienda na 140 bila kusimama, ni saa moja na dakika thelathini na sita. Umeokoa saa moja na robo. Na hiyo ni kwa karatasi, juu hakuna mtu anaweza kushikilia 140 kutoka Nkubu, Chuka, Runyenjes hadi Embu na hizo kona, matuta, malori na ng'ombe. Ukitoa hizo, pengine umeokoa nusu saa.

Sasa geuza upande wa pili. Breki zikishashika, umbali wa gari kusimama unakua kwa mraba wa spidi. Kutoka 80 hadi 140, umbali huo unazidi mara tatu. Na hapo tunazungumzia gari tupu, tairi nzima, lami kavu. Hatujaongelea Hilux imepakiwa mpaka pua inaangalia nyota.

Utaniambia miraa haingoji. Najua haingoji, nimezaliwa ndani yake. Ile nguvu ya miraa huanza kupotea ikikatwa, ndio maana inafungwa na majani ya ndizi, na ndani ya siku mbili hivi inakuwa majani tu. Lakini hebu soma hiyo sentensi tena. Siku mbili. Saa 48. Na sisi tunaua watu kwa ajili ya nusu saa.

Basi hiyo haraka ni ya nani? Sio ya miraa. Ni ya bei na ni ya ndege. Uholanzi walifunga soko 2013, Uingereza wakafunga Juni 2014, na soko la nje tukabaki tukiangalia Somalia. Somalia nao wakafunga Machi 2020, wakafungua Julai 2022. Soko likiwa moja, kila mtu anakimbilia mlango mmoja. Anayechelewa anashushiwa bei, au mzigo wake unabaki Nairobi ukinyauka. Tajiri anajua hivyo. Kwa hivyo tajiri anangoja bei ya Nairobi mpaka dakika ya mwisho, anapakia akiwa amechelewa, halafu anamkabidhi dereva deni la muda ambalo dereva hakulikopa. Dereva akifika mapema, tajiri amepata faida. Dereva akianguka, tajiri anatafuta dereva mwingine kabla ya matanga kuisha.

Hapo ndipo ziara yenu inaninyima usingizi. Anayeingia Daikoku na gari yake ameenda kwa kupenda. Amemaliza kazi, ameosha gari, ametoka. Akichoka anarudi kulala. Wetu hajachagua. Anakimbia juu amewekewa saa kichwani. Ukimlipia kiti ukae kando yake ukirekodi dashibodi, unamwongezea sababu ya tatu ya kukanyaga: tajiri anataka, ndege inataka, na sasa wewe na simu yako pia mnataka. Unadhani atakuendesha na 80 na umetoka Nairobi kuja kuona moto?

Kuna mwenye alinijibu ati madereva wenyewe wanapenda hiyo sifa. Ndiyo, wengine wanapenda. Ukinyimwa pesa ya maana, ukinyimwa usingizi, ukinyimwa bima, kitu pekee kinabaki cha kukulipa ni jina. Hiyo sifa ni ya bure, ndio maana tunaigawa sana. Hakuna mtu ameweka komenti ya moto-moto-moto halafu akatuma ada ya shule kwa watoto wa yule aliyeanguka. Mwenzangu tuliyesoma naye msingi, baba yake alikuwa dereva wa miraa, jina kubwa, watoto tulikuwa tunajua mlio wa gari yake kabla haijafika kona. Leo anatembea na magongo. Hakuna shabiki hata mmoja aliyewahi kumletea unga.

Na barabara yenyewe mnaijua. Daraja la Nithi halihitaji kutambulishwa kwa mtu wa Meru. Julai 2022 basi moja lilianguka hapo na zaidi ya watu 30 wakafa. Nchi nzima, mwaka wa 2021, 2022 na 2023, kila mwaka tulizika zaidi ya watu 4,000 wa barabarani. Halafu mtu anaamka anasema tuifanye hiyo barabara kivutio cha usiku, kiti ni elfu kadhaa, chakula juu yako.

Hata Wajapani wenyewe walihama hapo. Keiichi Tsuchiya, yule wanamwita mfalme wa drifti, jina lake lilianzia kona za milimani. Hakubaki huko. Alienda kwa viwanja vya mashindano, na 1995 alikuwa kwenye timu ya Honda NSX iliyoshinda daraja lake Le Mans. Drifti nayo ikapata mashindano rasmi, uwanja, waamuzi na ambulensi. Walichukua kipaji kikatoka kwa barabara ya watu. Sisi tunataka kuchukua kazi ya mtu na kuigeuza sarakasi kwenye barabara ya watu.

Na kama mnataka shujaa wa hapa nyumbani, tunaye. Safari Rally ya 1993, Patrick Njiru aliendesha Subaru Vivio. Vivio, wasee! Injini ya cc 660, gari unaweza kudhani ni ya kupeleka mtoto chekechea. Kwenye timu hiyo hiyo kulikuwa na Colin McRae, ambaye miaka miwili baadaye alikuwa bingwa wa dunia. McRae hakumaliza. Njiru alimaliza, nafasi ya 12. Mkenya alifika na kagari ambako wakali walikwama. Hiyo ndiyo hadithi ningetaka watoto wa Mikinduri waijue: alifika.

Sasa msiseme napinga tu bila kuleta kitu. Niko tayari kupanga usiku wa magari Mikinduri, lakini magari yakiwa yamezimwa. Na hapo ndipo mmeisoma vibaya Daikoku tangu mwanzo. Daikoku ni mahali pa kuegesha! Watu wanafika, wanazima, wanafungua boneti, wanazunguka na kahawa mkononi wakiangalia kazi ya wenzao. Kelele zikizidi, polisi wanafunga na kila mtu anaenda kwao. Mnalilia spidi ya mahali ambapo kazi kuu ni kusimama.

Kwa hivyo mpango wangu ni huu. Mgeni aje mchana, aone mtu akipanda mti wa miraa na kuchuma, aone mama akifunga kwa jani la ndizi haraka kuliko wewe unavyoandika meseji. Saa kumi aende kwa fundi, aonyeshwe venye springi za nyuma za Probox zinaongezwa ndio ibebe, na kwa nini Hilux ya kale bado inauzwa kwa bei ya kukutoa machozi. Usiku, magari yaegeshwe mahali pamoja, boneti wazi, nyama choma pembeni, na madereva ambao siku hiyo hawaendi Nairobi wakae kwa viti wasimulie. Na walipwe. Walipwe usiku mzima kama wangesafiri, juu hadithi zao ni mali yao. Halafu kila mtu alale.

Kwa matajiri, najua watoto wenu mnasoma hapa, wapelekeeni baba zenu: pakieni saa moja mapema. Wekeni madereva wawili kwa gari moja. Hiyo saa moja ni yenu, msimkopeshe kijana wa watu.

Kwa wenzangu wa kontenti: mkiletewa klipu ya dashibodi inasoma 160 usiku, msipandishe. Mimi zinakuja kila wiki na zinalala hapo hapo inboksi. Najua zinaleta watazamaji. Hata matanga huleta watu wengi.

Na wewe msomaji, kama uko na gari kwenu, ya baba, ya shosho, hata ile Probox ya mjomba yenye mlango unafungwa na kamba, niandikie kwa komenti ni gari gani na imefanya kazi gani. Nataka ishirini za kwanza. Nitakuja kuzirekodi moja moja, mchana, funguo ikiwa mfukoni mwa mwenyewe.