GESI YA MOTOKAA KUUKUU: HAKUNA MASHINI, HAKUNA KUFUNGUA PAIPU

Ndugu Wafanyakazi,

Tumesikia malalamiko ya ndugu zetu wa gereji, nasi watu wa reli hatuwezi kunyamaza. Kazi zetu ni mbalimbali lakini taabu ni ile ile. Tajiri wa gereji huletewa motokaa kuukuu ambayo mtambo wake wa hewa baridi, yaani AC, haupozi tena. Humwita fundi akamwambia, "Fungua nati, toa hiyo gesi, tia nyingine, mwenye gari anangoja." Mashini ya kuvutia gesi hakuna. Glavu hakuna. Miwani ya kazi hakuna. Kazi ikiharibika, mwenye gari huambiwa, "Makosa ni ya fundi, hakusoma." Sisi twasema maneno hayo ni uongo, na twataka kuonyesha uongo wenyewe uko wapi.

Kwanza tujue gesi hii ni kitu gani. Motokaa nyingi zenye AC zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1992 hadi 1994 zilitiwa gesi iitwayo R-12, ambayo wengi huiita Freon. Ilianzishwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 na Thomas Midgley na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi ya General Motors. Kabla yake mashini za barafu zilitumia amonia na gesi nyingine za sumu. Hii haikuwaka moto wala haikuwa na harufu kali, na watu wakaishangilia. Lakini mwaka 1974 wataalamu wawili, Mario Molina na Sherwood Rowland, walionya kwamba gesi za jamii hii haziharibiki huku chini. Hupanda juu sana angani, jua huzivunja, zikatoa klorini, nayo klorini hula ozoni. Ozoni ndiyo mwavuli wetu wa kuzuia miale mikali ya jua, ile iletayo saratani ya ngozi na mtoto wa jicho. Wenye viwanda wakabisha. Mwaka 1985 Waingereza waliokuwa wakipima anga la Antaktika, Joseph Farman na wenzake wawili, walitangaza kwamba ozoni ya huko imepungua vibaya. Ubishi ukakosa nguvu.

Mwaka 1987 mataifa yalifanya Mkataba wa Montreal. Nchi tajiri ziliacha kutengeneza R-12 ulipokwisha mwaka 1995, isipokuwa kidogo kwa mambo ya lazima. Nchi kama yetu zilipewa muda mpaka mwanzo wa 2010. Kenya iliukubali mkataba huo mwaka 1988, na ofisi ya kuuangalia iko hapa hapa Nairobi. Kwa hiyo, ndugu, mtungi ulioandikwa R-12 leo una mambo matatu tu: au ni akiba ya zamani, au ni gesi iliyovutwa kutoka mtambo mwingine ikasafishwa, au ni ulaghai. Tajiri anaposema "tia nyingine", mwulize ameitoa wapi.

Sasa tuyajibu maneno ya matajiri moja moja.

La kwanza, wasema, "Gesi ya gari moja ni kidogo, haidhuru." Haidhuru nani? Kilo moja tu ya R-12 ikiachwa ipotee hupasha dunia joto kama kilo zaidi ya 10,000 za gesi ya kaboni itokayo katika moshi, na hukaa angani kama miaka 100. Huku chini hudhuru fundi kwanza. Gesi hii huchemka kwenye baridi ya karibu digrii 30 chini ya sifuri. Ikiruka ikiwa majimaji, hugandisha jicho na ngozi mara moja. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutulia ndani ya shimo la kukagulia magari na kumnyima pumzi aliyemo. Sisi wa reli twayajua mashimo hayo, maana twafanya kazi chini ya mabehewa. Na ikikutana na moto wa kuchomelea hugeuka asidi kali na sumu, hata fosijini, ile gesi iliyoua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Hayo ndiyo "haidhuru" ya mtu aliyekaa ofisini.

La pili, wasema, "Ongeza tu." Gesi ya AC hailiwi kama petroli. Huzunguka ndani ya paipu miaka na miaka. Ikipungua sana, imevuja. Kuongeza bila kutafuta tundu ni kumwuzia mwenye gari hewa, na baada ya miezi michache atarudi kununua hewa tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kazi ya haki ni kuvuta gesi iliyobaki, kutia naitrojeni kavu kwa kiasi, na kupaka povu la sabuni kwenye viungo vyote. Oksijeni isitumiwe kamwe, kwa sababu ikikutana na oili hulipuka.

La tatu, wasema, "Tia ile mpya juu ya ya zamani." Gesi iliyofuata R-12 katika motokaa ni R-134a. Hizi mbili hazichanganywi. Oili ya madini iliyokuwa ikienda na R-12 haichukuani na R-134a. Kompresa itakosa oili na kufa. Watengenezaji walifanya midomo ya kutilia gesi isilingane makusudi, ili mtu asikosee, lakini matajiri wengine huwatengenezesha mafundi viungo vya kulazimisha. Anayetaka kugeuza mtambo afanye hivi: R-12 yote ivutwe kwa mashini hadi ndani ya mtungi wake, tundu lizibwe, oili ya zamani imwagwe na itiwe inayofaa, chujio la kukaushia maji libadilishwe, raba za viungo ziwe mpya, midomo ibadilishwe, hewa yote inyonywe kwa pampu, isipungue nusu saa, kisha R-134a ipimwe kwa mizani, kama asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa zamani. Mwisho libandikwe karatasi la kusema ni gesi gani na oili gani imo, ili fundi atakayefuata asidanganyike. Na R-134a nayo isiachwe hewani. Haili ozoni, lakini hupasha dunia joto, na ndiyo sababu mwaka 2016 mataifa yalipokutana Kigali yaliafikiana kuipunguza pia.

La nne, wasema, "Basi tia gesi ya kupikia, yapoza vizuri." Ni kweli yapoza. Pia yawaka. Mtambo wa motokaa hizi ulifanywa kwa gesi isiyowaka, na sehemu yake moja iko mbele ya miguu ya abiria. Ikivuja humo ndani, kiberiti kimoja chatosha. Atakayeitwa polisi siku hiyo si tajiri, ni fundi.

La tano, wasema, "Mashini ni ghali." Tajiri aliponunua jeki hakumwambia fundi ainue gari kwa mabega. Kifaa cha kazi ni deni la mwenye kazi, na bei yake imo ndani ya pesa anazomtoza mwenye gari. Kama hawezi kununua, aache kupokea kazi hiyo.

La sita ndilo baya kupita yote: "Ukikataa, mwingine yupo mlangoni." Hapa ndipo wametushika siku zote. Lakini yule wa mlangoni naye ana macho na mapafu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na mahali penye watu 20 au zaidi iwepo kamati ya usalama. Gereji nyingi zina watu watano au sita, kwa hiyo kamati hakuna. Basi hapo chama ndicho kamati. Mtu mmoja akikataa, afukuzwa. Mtaa mzima wa mafundi ukikataa siku moja, tajiri atanunua mashini.

Twataka mambo manne. Mashini ya kuvutia gesi katika kila gereji inayopokea kazi ya AC, au gereji ndogo kadhaa zishirikiane moja. Glavu na miwani bila kukatwa mshahara. Mafundi wafundishwe kazi hii kwa gharama ya mwajiri. Na asifukuzwe mtu kwa kukataa kufungua paipu hewani.

Wako watakaosema haya ni makubwa kwetu. Ndugu, ilipofika mwaka 2009 nchi zote za Umoja wa Mataifa zilikuwa zimeukubali Mkataba wa Montreal, na wataalamu wasema kwamba mwendo ukiwa huu huu, ozoni itarudi kama ilivyokuwa 1980 ifikapo kama 2040 katika sehemu kubwa ya dunia, na kama 2066 juu ya Antaktika. Wenye viwanda vikubwa walisema haiwezekani, wakaacha kwa sababu wote walibanwa pamoja. Ikiwa hao waliweza kubanwa, mwenye gereji ya mabati ni nani?

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Someni karatasi hili, mpeni na jirani asiye mwanachama, na mkutano wa tawi ukiitwa mje nalo mkononi.

Sisi wenzenu,
Wafanyakazi wa Reli