Tasnifu Isiyo na Jipya Ndiyo Tunayoihitaji

Mwanafunzi wa uzamili wa uchumi au sera za umma anapotetea pendekezo lake la utafiti, swali la kwanza atakalotupiwa ni lile lile: "Pengo lako liko wapi?" Ajaribu kujibu kwamba anataka kuchukua utafiti uliokwisha chapishwa, aufanye upya hatua kwa hatua, aone kama majibu yatatoka yale yale. Kikao kitaguna. Ataambiwa huko ni kunakili, aende akatafute mada yake. Imani kwamba tasnifu isiyoleta jipya haina thamani imekomaa hata imekuwa kanuni. Ni imani potofu, na hasara yake inaangukia umma.

Tazama inachozaa. Mwanafunzi ana miezi michache na fedha za kuungaunga. Ili apate pengo, anachukua mada iliyoandikwa mara mia na kubadilisha jina la wilaya: mchango wa mikopo midogo kwa wakulima wa mahali fulani. Anachapisha dodoso, anahoji watu mia na kitu, anaziingiza takwimu kwenye SPSS, kisha anapendekeza serikali iongeze elimu na mitaji. Mapendekezo hayo yangeweza kuandikwa kabla dodoso la kwanza halijajazwa. Wakati huo huo, Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania ina utafiti unaofuatilia maisha ya kaya, ulioanza mwaka 2008 kwa kaya zaidi ya 3,000, na takwimu zake mtu hupakua bure. Watafiti wa nje wamezitumia sana. Kukagua hesabu zao ingekuwa tasnifu nzuri mno, ila haina "pengo".

Kazi ya namna hiyo inaweza kufika mbali. Mwaka 2010 Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, wachumi wenye majina makubwa Marekani, walichapisha makala iliyoonyesha kwamba katika nchi tajiri, deni la taifa likizidi asilimia 90 ya pato, uchumi husinyaa kwa wastani wa asilimia 0.1 kwa mwaka. Ulaya ilikuwa katikati ya mgogoro wa madeni, na waliotaka matumizi ya serikali yabanwe waliidaka namba ile. Olli Rehn wa Kamisheni ya Ulaya aliitaja. Paul Ryan, wakati huo mwenyekiti wa kamati ya bajeti ya Bunge la Wawakilishi la Marekani, naye aliitaja.

Thomas Herndon, mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Massachusetts kilichoko Amherst, alikuwa na zoezi la darasani: chagua makala, rudia hesabu zake. Akaichagua hiyo. Namba zikakataa. Walimu wake walidhani yeye ndiye aliyekosea. Akawaandikia waandishi, nao wakampa jedwali lao la Excel. Humo akakuta fomula ya wastani imekomea mstari wa 44 badala ya 49, ikaziacha nje Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Zaidi ya hapo, miaka kadhaa ya baadhi ya nchi haikuhesabiwa. New Zealand ikabaki na mwaka mmoja tu wa deni kubwa, 1951, ambao uchumi wake ulishuka kwa asilimia 7.6, na mwaka huo ukapewa uzito sawa na miaka 19 ya Uingereza.

Aprili 2013, Herndon na walimu wake Michael Ash na Robert Pollin walitoa hesabu zilizosahihishwa: deni likizidi asilimia 90, uchumi ulikua kwa wastani wa asilimia 2.2. Kweli ni chini ya asilimia 3.2 ya nchi zenye deni la kati ya asilimia 60 na 90, lakini lile poromoko halikuwepo. Reinhart na Rogoff walikiri kosa la jedwali, ingawa walishikilia kwamba deni kubwa huambatana na ukuaji mdogo. Herndon hakuziba pengo lolote. Alihesabu tu.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, mwaka 2004 Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha utafiti wa dawa za minyoo katika shule 75 za Busia, Kenya: utoro ulipungua, hata kwa watoto wa shule jirani ambazo hazikupewa dawa. Waandishi walitoa takwimu zao, jambo la kuwashukuru, na mwaka 2015 watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine wakachapisha marudio ya hesabu hizo. Makosa ya hesabu yalionekana. Faida kwa shule za mbali zaidi ikayumba, ile ya shule zilizopata dawa ikasimama, na wachumi wakagombana na wataalamu wa afya. Ugomvi juu ya watoto wa Busia uliwaka London na Marekani. Mwanafunzi wa Nairobi mwenye kompyuta ya mkononi angeweza kuuanzisha, tena akijua jinsi mvua, mavuno na michango ya shule vinavyomtoa mtoto darasani.

Wapo watakaosema Afrika ina maswali mengi ambayo hayajaulizwa. Ni kweli, na hiyo ndiyo hoja yao nzito. Lakini sera zinazotugusa leo zimejengwa juu ya majibu yaliyokwisha tolewa. Aliyejifunza kuyakagua ndiye atakayeuliza jipya lenye maana akifika uzamivu. Hoja nyingine husemwa kwa sauti ya chini: kumhakiki profesa ni utovu wa adabu. Hiyo haistahili jibu chuoni.

Kamati za uzamili ziyatambue marudio kuwa tasnifu kamili, na kila tasnifu ikabidhiwe pamoja na takwimu na hesabu zake zote. Mali bila daftari hupotea bila habari, na utafiti ni vivyo hivyo. Waziri anaposimama bungeni na kusema "utafiti umeonyesha", usalama wetu ni kuwa na mtu aliyeufungua utafiti huo na kuuhesabu upya. Kwa sasa mtu huyo hatumfundishi, na akijitokeza mwenyewe tunamrudishia pendekezo lake.