Utii Peke Yake Hautoshi

Yako maneno yanayosemwa shuleni na kanisani mara nyingi hata masikio yetu yamekoma kuyapima. Moja ni neno hili, kwamba Mungu hataki kwa Mkristo kitu kingine ila utii. Mkristo mwema, twaambiwa, ni yule aliyezijua amri, akazishika, akaogopa kuzivunja. Na zaidi ya hayo hana deni. Nataka kulipinga neno hilo mbele yako, msomaji, ijapokuwa wanaolisema ni watu wa heshima, na baadhi yao ndio walionilea. Silipingi kwa kuwa utii ni kitu kibaya. Nalipinga kwa kuwa limebeba nusu ya kweli, na nusu ya kweli katika mambo ya dini imekwisha kumwaga damu nyingi.

Kwanza niwape haki yao wapinzani wangu. Maandiko wanayo mkononi. Watakutajia mfalme Sauli, aliyewaacha hai kondoo na ng'ombe wazuri wa Waamaleki kwa kisingizio cha kumtolea Mungu dhabihu, hata nabii Samweli akamjulisha kuwa mbele za Mungu dhabihu hailingani na utii. Watakutajia Ibrahimu, aliyeiacha nchi ya jamaa zake asijue aendako. Hoja hizi ni nzito, wala sina ulimi wa kuzibatilisha. Mtu asiyetii hawezi hata kuianza safari ya Mkristo. Ninalouliza mimi ni hili: safari yenyewe yaelekea wapi?

Katika kisiwa cha Lamu kuna kijiji kiitwacho Matondoni, ambacho tangu zamani kimesifika kwa uundaji wa majahazi. Fundi wa huko haundi chombo kwa kutazama mchoro wa karatasi. Kipimo chake ni jicho lake na mkono wake. Mwanagenzi aingiapo kazini huanza kwa kuamriwa: shika ubao huu, chonga hapa, toboa pale. Asipotii hafai, na atarudishwa kwao. Lakini ikiwa baada ya miaka kumi angali anangoja kuambiwa achonge wapi, fundi atahuzunika, maana alichokitaka tangu siku ya kwanza si mikono ya kutumwa tu, bali jicho jingine lionalo kama lake. Amri zilikuwa njia ya kumpa jicho hilo. Basi amri za Mungu nazo ni hivyo. Yesu alipohubiri mlimani alitaja jua na mvua, ambavyo Mungu huwapa wema na wabaya pasipo kubagua, akasema kuwa wana wa Baba yawapasa wawe na hulka hiyo hiyo. Mtume Paulo aliwataka Wakristo wa Efeso wamwige Mungu kwa namna ambayo mtoto apendwaye humwiga mzazi wake. Mambo haya mawili hayatimizwi na mtu anayeuliza tu ni lipi limekatazwa.

Tazama habari za Yona. Watu wengi humkumbuka kwa sababu ya samaki, na samaki akiisha kumtapika wao hufunga kitabu. Hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu sehemu nzito ya kitabu yaja baadaye. Yona alipoamriwa mara ya kwanza kwenda Ninawi, mji wa Waashuri waliokuwa adui wa kutisha wa taifa lake, alikimbilia Yafa akapanda merikebu ya kwenda Tarshishi. Alipoamriwa mara ya pili alitii. Alikwenda, akaingia mjini, akatangaza kuwa zimesalia siku arobaini mji uangamizwe. Kwa kipimo cha wale ninaowapinga, Yona sasa hana ila: ametumwa, amekwenda, amesema. Watu wa Ninawi wakatubu, tangu mfalme hata mnyonge wa mwisho, na Mungu akaiondoa adhabu. Ndipo mtumishi huyu mtiifu alipokasirika hata akaomba kufa. Akaungama kwa kinywa chake sababu ya kukimbia kwake hapo awali: alijua kuwa Mungu ni mwingi wa huruma na si mwepesi wa hasira, akachelea huruma hiyo isije ikawafikia adui zake.

Zingatia ajabu hii, kijana. Yona aliijua tabia ya Mungu barabara. Angeweza kufaulu mtihani wowote wa somo la dini. Aliijua, na asiipende. Akatoka mjini, akaketi kungoja aone kama moto utashuka. Mungu akamwoteshea mtango wa kumtia kivuli, kisha akamleta buu akautafuna, na Yona akauonea uchungu mmea kuliko alivyouonea mji. Mungu akamwuliza kama haistahili mji ule kuhurumiwa, wenye watu zaidi ya 120,000 wasioweza kupambanua kuume na kushoto, na wanyama pia. Kitabu chaishia hapo. Jibu la Yona halikuandikwa. Mwana mkubwa katika mfano wa mwana mpotevu ni ndugu yake Yona: hakupata kuivunja amri ya baba yake hata siku moja, akabaki nje ya nyumba usiku wa karamu kwa sababu baba alikuwa na furaha ambayo yeye hakuweza kuishiriki.

Huenda ukaniambia kuwa Yona hakumdhuru mtu ila nafsi yake, na kwamba mtii mwenye moyo baridi ni afadhali kuliko mwasi. Hapo ndipo ninapokataa kabisa. Mtu aliyefundishwa kutii tu, asifundishwe kufanana na yule anayemtii, amewekwa tayari kwa kila bwana atakayekuja na sauti kubwa.

Katika magharibi ya Rwanda pana mahali paitwapo Nyange. Palikuwa na kanisa. Wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 Watutsi wengi walilikimbilia, wakiamini kuwa nyumba ya Mungu itawasitiri. Mwezi wa Aprili mwaka huo tingatinga ilibomoa kanisa lile juu ya vichwa vyao. Waliokufa ni zaidi ya elfu moja. Padri aliyekuwa na dhamana ya parokia, Athanase Seromba, alishtakiwa mbele ya mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha. Mwaka 2006 alihukumiwa kifungo cha miaka 15, na baada ya rufani, mwaka 2008, adhabu ikawa kifungo cha maisha. Rwanda ya siku zile haikukosa Wakristo. Wengi wa waliouawa walikuwa wamebatizwa, na wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa vile vile, waliokwenda misa na kutoa sadaka. Wengi wa walioungama baadaye walitoa udhuru mmoja, kwamba waliamriwa. Walikuwa wamezoea kutii. Na sisi Wakenya tusijitie kuwatazama kwa mbali, maana kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto tarehe 1 Januari 2008 likiwa na wanawake na watoto waliokimbilia humo.

Nyange ile ile ilikuwa na shule ya sekondari. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, wanafunzi wa madarasa ya juu wakiwa katika masomo yao ya jioni, watu wenye silaha waliingia, wakawaamuru wajitenge, Wahutu upande huu, Watutsi upande huu. Fikiri kidogo juu ya amri hiyo. Haikumtaka mwanafunzi yeyote aue. Haikumtaka aibe wala aseme uongo. Ilimtaka asogee hatua chache tu, na aliyekuwa Mhutu angalisogea angaliokoka. Mtu awezaye kusema kuwa kusogea kumekatazwa na amri ya ngapi, na aje aniambie. Wanafunzi walikataa. Walijibu kuwa wao wote ni Wanyarwanda. Washambuliaji wakawapiga risasi na kuwatupia mabomu ya mkono. Sita wakafa, na wengi wakajeruhiwa. Rwanda imewaweka katika daraja la mashujaa liitwalo Imena, na kila tarehe 1 Februari, Siku ya Mashujaa, huwakumbuka.

Sidai kuwa wale walikuwa watakatifu. Walikuwa wanafunzi kama wewe, na yamkini baadhi yao walisinzia ibadani. Nasema tu kwamba katika saa ile walifanya jambo linalofanana na lile jua la mahubiri ya mlimani, ambalo halimwulizi mtu kabila lake kabla ya kumwangazia. Na hakuna orodha ya makatazo ambayo ingaliweza kuwafikisha hapo.

Wapinzani wangu wanayo hoja moja zaidi, nayo ni kali kuliko zote. Wasema kuwa kutaka kufanana na Mungu ni kiburi, na kwamba hilo ndilo lililowaangusha wazazi wetu katika bustani ya Edeni. Hoja hii yataka kujibiwa kwa makini. Ziko sifa za Mungu ambazo hatukuagizwa tuzishike: uweza wake wote, ujuzi wake wa siri za watu, haki yake ya kulipiza kisasi, ambayo ameiweka mkononi mwake mwenyewe. Ziko na nyingine ambazo tumeagizwa tuziige: huruma, uvumilivu, ukweli, usamehevu. Nyoka aliwavutia Adamu na Hawa kwa zile za kwanza. Nasi hata leo, ajabu ya mambo, tunaziiga zile zile tulizonyimwa. Tunahukumu moyo wa mtu tusiyemjua. Tunalipa kisasi na kukiita haki. Tunatoza heshima kama kwamba tulijiumba. Kisha tukiambiwa tusamehe, ndipo tunapokumbuka unyenyekevu na kusema kuwa sisi ni binadamu tu. Kiburi hakimo katika kuiga huruma. Jaribu kumsamehe mtu aliyekuudhi mbele ya darasa zima, uone kama utatoka na kichwa kikubwa.

Wala sisemi kuwa hulka hii hupatikana kwa siku moja, au kwa machozi ya usiku wa mkutano wa injili. Huja kama jicho la mwanagenzi wa Matondoni, kwa ubao mmoja baada ya mwingine, na mbao nyingi huharibika. Na mbao zenyewe hazitakuja kwako kwa sura ya bunduki na tingatinga. Bila shaka shuleni kwenu yupo mwanafunzi mgeni ambaye lafudhi yake huchekwa kila afunguapo kinywa kusoma. Wewe humcheki, umelelewa vema. Hukuandika jina lake ukutani, wala hukumwibia sabuni. Kanuni zote za shule umezishika juu yake, na kiranja hana la kukuandikia. Jioni ya leo kengele ya chakula itakapolia, atakaa mahali pale pale anapokaa peke yake siku zote, penye kiti kitupu ubavuni mwake.