Kabla vifaa vya upasuaji havijatiwa kwenye mvuke, vimeoshwa?

Mzazi yeyote aliyewahi kufua kanga yenye doa la damu anajua kwamba doa hilo halitaki maji ya moto. Ukilimwagia maji ya moto linaganda na kubaki palepale. Linataka maji ya baridi, tena mapema, kabla halijakauka.

Wiki hii tuzungumzie damu hiyohiyo, ila ikiwa kwenye mikasi, vibano na koleo zinazotoka chumba cha upasuaji. Ndugu tunaosubiri nje tunauliza kuhusu daktari, damu ya akiba, dawa na gharama. Ni wachache wanaouliza vifaa vilivyomhudumia mgonjwa wa asubuhi vimepita wapi kabla ya kumfikia mgonjwa wao wa mchana.

Jibu tulilozoea ni kwamba vinachemshwa. Ukweli ni kwamba kuchemsha peke yake hakutoshi. Hospitali hutumia mashine ya mvuke wenye shinikizo, kwa kawaida kwenye nyuzi joto 121 au 134, na mvuke huo huua hata vimelea sugu. Lakini mvuke ni hatua ya mwisho, na unafanya kazi pale tu unapogusa chuma chenyewe. Damu ikikauka kwenye maungio ya mkasi au ndani ya mrija mwembamba inakuwa kama ukoko: mvuke unapita juu, vimelea vinajificha chini. Ule mkanda unaobadilika rangi juu ya furushi la vifaa unaonyesha kwamba furushi limepita kwenye joto. Hauonyeshi kama kilichomo kilioshwa vizuri.

Ndiyo maana wataalamu husema kitu kinaweza kusafishwa bila kutakaswa, lakini hakiwezi kutakaswa bila kwanza kusafishwa.

Kwa nini jambo hili limhusu mzazi? Kwa sababu upasuaji unaozigusa familia nyingi ni ule wa kujifungua. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilieleza kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 11 kati ya kila 100 wanaofanyiwa upasuaji hupata maambukizi. Kwa Afrika, lilisema, hadi wanawake 20 kati ya kila 100 wanaojifungua kwa upasuaji hupata maambukizi ya kidonda. Si yote yanayotokana na vifaa. Mikono, ngozi ya mgonjwa na muda wa kupewa antibayotiki navyo vina sehemu yake. Lakini kifaa kichafu ni chanzo ambacho mama hana namna ya kujikinga nacho. Yeye amelala, ametulia, amewaamini wengine.

Sasa tuangalie kazi yenyewe. Katika hospitali nyingi za kwetu, uoshaji wa kwanza hufanywa kwa mkono. Mhudumu anasimama kwenye sinki akiwa na brashi, sabuni na beseni. Anatakiwa kuvaa glovu nene, aproni na kinga ya uso, kufungua kila mkasi, na kusugua kifaa kikiwa chini ya maji ili matone yasimrukie. Akichomwa na ncha kali, hatari ni yake: kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi. Na akifikia seti ya kumi, zamu ikiwa ya usiku, mkono unachoka. Seti ya kumi haioshwi kama ya kwanza.

Hapa ndipo mashine zinapoingia, nazo si za ajabu. Ya kwanza ni beseni la mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio. Mawimbi hayo hutengeneza viputo vidogo sana majini, vikipasuka vinang'oa uchafu kwenye maungio na mifereji ambako brashi haifiki. Haiui vimelea na maji yake lazima yabadilishwe mara kwa mara, lakini inamtua mhudumu mzigo mkubwa wa kusugua.

Ya pili ni mashine ya kuosha iliyo kama kabati, yenye mikono inayozunguka na kurusha maji. Inaanza na maji ya baridi, chini ya nyuzi 45, kwa sababu ileile ya doa la kanga: joto huigandisha damu. Kisha huja sabuni maalumu, kusuuza, maji ya karibu nyuzi 90 kwa dakika moja au zaidi, na kukausha. Mzunguko mzima huchukua takriban saa moja. Faida yake kubwa ni kwamba haichoki. Seti ya kumi inapata maji, joto na muda uleule wa seti ya kwanza, na hospitali inaweza kuipima kwa vipande vya majaribio vyenye uchafu unaofanana na damu.

Je, kila kituo kikimbilie kununua? Sidhani. Mashine hii inataka umeme usiokatika, maji mengi yasiyo na chumvi nyingi, sabuni yake maalumu na fundi wa kuitengeneza. Kikikosekana kimoja, inageuka kabati la kuhifadhia mashuka. Inataka pia seti za kutosha. Kituo chenye seti mbili za upasuaji wa uzazi, na akina mama watatu wanaosubiri, hakiwezi kungoja saa moja ya kuosha pamoja na muda wa mvuke. Hapo mtu atafupisha hatua, na hatua inayofupishwa kwa urahisi ni ile isiyoonekana, yaani kuosha.

Katika miaka ya karibuni vituo vya afya vingi vimejengewa vyumba vya upasuaji ili mama asisafirishwe mbali. Ni hatua njema. Bajeti ya chumba cha upasuaji ihesabu na chumba cha kuoshea vifaa: seti za ziada, sinki mbili, maji ya uhakika, na mtu aliyefunzwa kazi hiyo badala ya yeyote aliyepatikana. Beseni la mawimbi lifuate, kisha mashine kubwa zianzie hospitali za rufaa zenye wagonjwa wengi na mafundi.

Kuna jambo lisilohitaji mashine kabisa. Vifaa vifutwe damu palepale upasuaji unapoisha, na vihifadhiwe vikiwa na unyevu hadi vifike sinkini. Na ile desturi ya kuvitumbukiza kwanza kwenye maji ya klorini, WHO haiipendekezi tena. Mwongozo wake wa mwaka 2016 unaeleza kwamba damu hupunguza nguvu ya dawa hiyo na kwamba dawa yenyewe huharibu chuma. Chuma kilicholika kina vishimo, na vishimo ni maficho ya uchafu.

Mzazi ufanye nini? Usiingie chumba cha upasuaji kukagua mikasi. Lakini kila kituo cha umma kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi, na halmashauri ina bodi ya huduma za afya. Huko ndiko pa kuuliza: Tuna seti ngapi? Nani anaziosha, na amefunzwa? Amechanjwa homa ya ini? Maji yakikatika tunafanyaje?

Na nyumbani, mama aliyejifungua kwa upasuaji aangaliwe kwa siku 30. Homa, kidonda kuwa chekundu na cha moto, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, usaha, harufu mbaya au mshono kuachia ni dalili za kurudi hospitali siku hiyohiyo. Asipakwe majivu, asali wala unga wa vidonge na jirani mwenye nia njema. Na akirudi, asionewe haya wala kuambiwa hakujitunza. Huenda tatizo lilianzia kwenye sinki ambalo hakuwahi kuliona.

Wiki ijayo tutazungumzia antibiotiki anazopewa mama kabla ya upasuaji, na kwa nini muda wa kuzipewa una maana kuliko wingi wa vidonge anavyorudi navyo nyumbani.