MALI YA NDOA IANDIKWE

Katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo, si ajabu kuwakuta mke na mume wakiuza vitenge katika duka moja, huku leseni na mkataba wa pango vina jina la mume peke yake. Siku ndoa ikivunjika, mke huanza kutafuta mashahidi wa jasho lake.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imewaachia wanandoa nafasi. Kifungu cha 58 chasema ndoa haibadili umiliki wa mali ya mtu, ila kama wenyewe wamepatana vinginevyo. Kinachouma ni kifungu cha 60: mali iliyopatikana kwa jina la mmoja huhesabiwa yake mpaka mwenziwe athibitishe. Kweli, mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Lakini kufika huko ni safari ndefu.

Ndugu zetu wa Visiwani wakumbuke kuwa sheria hiyo ni ya Bara tu. Kwao ndoa za Waislamu huamuliwa na Mahakama ya Kadhi.

Wapo wanaodai kuandikiana ni kutoaminiana. Mbona Kurani imeagiza deni liandikwe, na mahari tunaitaja hadharani? Tunawaomba wasajili wa ndoa, masheikh na mapadre wawaulize wachumba habari ya mali kabla cheti hakijatiwa saini.