Kugawana Mtandao ni Suala la Haki

Katika nyumba nyingi za malezi na parokia, watu wengi hutegemea laini moja ya intaneti. Ikilemewa, tunakimbilia kusema, "Tununue kifurushi kikubwa zaidi." Mimi naona tuanze na haki.

Oktoba 1986, huko Berkeley, Marekani, njia ya mtandao kati ya maabara moja na chuo kikuu jirani ilizidiwa. Kasi yake ilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Kompyuta zilizokosa jibu zilituma ujumbe uleule tena na tena, na hivyo zikazidisha msongamano. Mwaka 1988 Van Jacobson alichapisha dawa yake: kompyuta ianze taratibu, iongeze mwendo kidogo kidogo, na ikiona data zinapotea ipunguze mara moja. Hakuna askari anayesimamia. Kila moja hujizuia kwa ajili ya mafao ya wote. Intaneti inaishi kwa nidhamu hiyo mpaka leo.

Hata hivyo, utaratibu huo una pengo: unapima usawa kati ya miunganisho, si kati ya watu. Anayepakua filamu kwa programu inayofungua miunganisho 20 kwa pamoja anaweza kupata karibu mara 20 ya mwenzake anayefungua hati moja ya masomo. Hajavunja kanuni yoyote, lakini mwenzake amekosa. Mtume Paulo aliwakemea Wakorinto kwa jambo la namna hiyo: walikutana kwa chakula cha pamoja, wengine wakashiba na wengine wakabaki na njaa.

Kwa hiyo laini kubwa peke yake haitoshi, kwa maana sehemu kubwa ya nyongeza itamwendea yuleyule. Ruta nyingi zinaweza kupangwa zigawe nafasi kwa kila kifaa, na fundi anaweza kuweka kikomo kwa mwenye vifaa vingi. Usiku wa manane, kama hakuna anayesubiri, mmoja atumie yote. Hilo halimdhulumu mtu. Wakati wa masomo, anayehudhuria kipindi kwa video apewe nafasi kabla ya filamu.

Kabla ya kuchangishana fedha za kifurushi kipya, walezi na viongozi wa parokia waketi na fundi, wamwulize swali moja: mtandao wetu unahesabu miunganisho au watu?