Ubao Mrefu na Lugha ya Bahari

Wapo wenzetu wadaio kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuuelezea ubao mrefu wa magurudumu, chombo kipendwacho na vijana wa Marekani. Dai hili halina mashiko. Mchezo wa ubao wa magurudumu ulishamiri California katika miaka ya 1950 miongoni mwa wapanda mawimbi. Bahari ilipotulia, waliuhamishia mtindo wao barabarani. Ubao mrefu, ambao aghalabu huzidi sentimita 90, ungali na tabia hiyo ya baharini. Hauna usukani. Mpandaji huegemea upande mmoja, nazo ekseli hugeuka kuufuata uzito wake, huku ubao ukinesa miguuni. Magurudumu yake, makubwa na laini, huvipita vijiwe ambavyo vingeukwamisha ubao mfupi. Penye mteremko, mjuzi hashuki wima. Hukata kushoto na kulia ili kupunguza kasi. Mabaharia wetu wa pwani huuita mwendo wa namna hiyo kubisha, ingawa wao (nakiri tofauti hii) hushindana na upepo, si mteremko. Napendekeza basi tuseme mpandaji anashuka kwa kubisha. Apingaye na alete neno lake.